Viazi vimenywea mpaka kwenye maji safi! Jaribio ni kesho, nisaidieni

MwalimuShela: Asalaam aleikum wadau. Kesho saa mbili kidato cha pili wana jaribio la osmosisi, yaani maji kupenya utando wa seli. Nimelijaribu mwenyewe: vipande vya kiazi vya milimita 50, kimoja kwenye maji safi, kimoja kwenye maji ya chumvi. Saa moja baadaye cha chumvi ni 46, cha maji safi 48. Si kilitakiwa kirefuke?

BintiPate: Maji safi ya wapi, mwalimu?

MwalimuShela: Safi tu, hayana rangi.

FundiMaabara: Rangi si hoja. Utando wa seli hupitisha maji na kuizuia chumvi, basi maji hukimbilia kwenye chumvi nyingi. Utomvu wa kiazi ni kama maji yenye gramu 8 au 9 za chumvi kwa lita. Yakizidi hapo, kinanywea.

AchariTamu: Embe la achari ni vivyo hivyo. Litie chumvi, lilale litoe maji, ulianike. Ukiwahisha siki, yale maji yanaizimua, ukungu huo!

BintiPate: Mwalimu, maji?

MwalimuShela: Ya kisima cha uani. Magadi kidogo, lakini twaogea. Karatasi za wanafunzi nishaandika, sibadilishi.

KasaMtoro: Hii umetunga. Kisima cha kunyweza kiazi kingekuwa na robo ya chumvi ya bahari, na bahari ni gramu 35 kwa lita. Mngeogea hayo? Vipimo ni vya kubuni, au kuna ulilolificha.

MwalimuShela: Sikubuni! Nilivikata na kuvipima jana usiku, vikalala kwenye sahani, asubuhi nikavitumbukiza. Hilo nalo ni kosa?

FundiMaabara: Lo! Maji yalikwenda hewani, si kisimani. Kesho menya ganda lote, maana halipitishi maji. Kata vyote kwenye kiazi kimoja, pangusa, pima urefu na uzito, tumbukiza papo hapo. Maji ya mvua, chumvi gramu 30 kwa lita. Ongeza kipande kilichochemshwa: utando wake umekufa, chumvi inajiingilia kwa difyusheni, yaani kusambaa tu, hakivimbi ng'o.

MwalimuShela: Jabia ya jirani, birika la mvua, ina maji. Na karatasi je?

KasaMtoro: Zifungie mahamri.