Tupeane uzoefu: vijiji vya kale vya Ureno, mbali na Lisbon

MzeeWaNgamiani
Wakuu, habari zenu. Kila uzi wa Ureno huishia Lisbon na Porto. Mimi nilipanda hadi Monsanto, karibu na mpaka wa Hispania, na natamani tusimuliane vijiji vya ndani huko. Naanza.

Watu wa Mwanza mtanielewa haraka, maana mlima wote ni mawe makubwa ya graniti. Nyumba zimeshikana nayo: hapa jiwe ndilo ukuta wa nyuma, pale jiwe ndilo paa lenyewe. Hata mazizi ya zamani ya nguruwe yamejengwa chini ya mawe. Mwaka 1938 Monsanto ilishinda shindano la kijiji cha Kireno kuliko vyote, ikapewa jogoo wa fedha. Nakala yake iko juu ya mnara wa Lucano mpaka leo.

Bibi mmoja alikaa mlangoni kwake akishona marafona. Ni mwanasesere wa vijiti viwili vilivyofungwa msalaba, akavishwa gauni la vitambaa vya rangi, hana macho, mdomo wala masikio. Zamani aliwekwa chini ya kitanda cha maharusi usiku wa kwanza ili wapate watoto, na kwa kuwa haoni wala hasikii, hana siri ya kutoa. Radi ikipiga, hutolewa alinde nyumba. Nilinunua wawili, na bibi akanionyesha anavyokunja kitambaa cha kichwa.

Nyumba nyingi zimefungwa. Miaka ya 1960, enzi za dikteta Salazar, vijana waliondoka kwa wingi kwenda Ufaransa na Ujerumani, na hata leo wengi walio nje hurudi Agosti tu. Kwa hiyo nawasihi, mkienda laleni hukohuko. Anayepanda saa sita na kushuka saa tisa hamwachii bibi yule chochote.

BintiKilindini
Ahsante mzee wangu. Mimi nilienda Mértola, kusini, juu ya mto Guadiana. Ni mji mdogo, si kijiji hasa, ila jioni unasikia hatua zako mwenyewe.

Kanisa lake kuu lilikuwa msikiti wa karne ya 12. Wakristo waliuteka mji mwaka 1238 na msikiti ukageuzwa, lakini hawakuubomoa. Ukienda nyuma ya altare, mihrabu ingali ukutani na nakshi zake, na bado kuna milango ya matao ya umbo la kiatu cha farasi. Mimi nimekulia karibu na Fort Jesus, Mreno nimemjua kwa mizinga na kuta nene. Kusimama mbele ya mihrabu ndani ya kanisa la Kireno kulinigusa sana, nikasoma Fatiha kimoyomoyo. Tangu 2001 kuna tamasha la Kiislamu pale kila baada ya miaka miwili, mwezi Mei. Hoteli huwahiwa mapema.

JumaKirumba
Mkuu, Monsanto bila gari inafikika?

MzeeWaNgamiani
Panda treni Lisbon hadi Castelo Branco, ukae upande wa mto Tejo, njia ni nzuri ajabu. Kutoka hapo ni kama kilomita 50 na mabasi ni machache, wikiendi ndiyo kabisa. Mkiwa watatu au wanne, kodini gari. Mpitie na Idanha-a-Velha, ulikuwa mji wa Warumi, sasa wamebaki watu wachache na miti ya mizeituni.

MwanaBukavu
Ndugu zangu, ongezeni Aldeia da Luz. Kijiji chenyewe kiko chini ya maji. Bwawa la Alqueva lilipofungwa mwaka 2002, watu walijengewa kijiji kipya jirani, majirani wakapangwa kama walivyokuwa, na makaburi nayo yakahamishwa. Kuna jumba la makumbusho linaloeleza yote hayo. Baadaye panda Monsaraz, kijiji cha nyumba nyeupe ndani ya ngome ya mawe, uone ziwa la bwawa hilo lilivyotanda.

BintiKilindini
Hilo la makaburi limeniingia. Nitakwenda.

Sasa naomba msaada: nani amefika Piódão, kile cha nyumba za mawe meusi na milango ya bluu? Moto mkubwa wa Agosti 2025 ulianzia maeneo yale. Nyumba za wageni zinapokea watu? Nawaza kwenda mwezi wa kumi na mama yangu, magoti yanamsumbua, na nasikia vichochoro vyake ni ngazi tupu.