Nataka kununua nyumba ndogo mlimani (ya mbao jamani, tulieni): naomba ushauri

Mpanda_Polepole
Wakuu habarini za muda huu. Kabla hamjaanza utani wenu, nyumba ninayoisema ni ndogo kwa ukubwa. Vyumba viwili, sebule yenye jiko la kuni, na baraza linalotazama bonde. Imejengwa kwa mbao juu ya nguzo, imeezekwa bati, na iko kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari.

Mimi na mke wangu tumeenda kuiona mara mbili, zote mchana, zote jua linawaka. Sitaficha, tumeipenda. Mwenye nyumba anasema magoti yanamsumbua, kupanda sasa ni kwa taabu. Sisi hatutaki kuhamia huko. Tunataka pa kwenda mwaka mzima: wikiendi moja moja, likizo za watoto, na mimi kelele zikinizidi nipande peke yangu siku mbili tatu. Kiangazi, masika, na ile miezi ambayo asubuhi unakuta umande umeganda kwenye majani.

Maji yanatoka kwenye chemchemi iliyo juu ya kiwanja na kushuka kwa bomba. Umeme ni wa sola tu. Kilomita tatu za mwisho ni barabara ya udongo.

Mke wangu kauliza swali moja nikakosa jibu: "Siku ambazo hatupo, mle ndani anaishi nani?" Yeye alikuwa anafikiria panya, lakini mimi nimelala nalo siku tatu sasa.

Wenye uzoefu, nikague nini na nimbane muuzaji wapi? Nawasilisha.

Bisi_Mkononi
Nimeona "nyumba ndogo" nikaja mbio na bakuli langu la bisi. Kumbe mbao. Haya, nakaa pale kwenye kona, waje wajuzi.

FundiMsumari
Mkuu, nimejenga na kubomoa nyumba za mbao miaka mingi, nisikilize vizuri. Usitazame kuta. Kuta muuzaji kashapaka rangi. Vaa nguo za kazi, chukua tochi na bisibisi bapa, ingia chini ya sakafu kwa tumbo.

Nenda kwenye nguzo moja moja. Pale mbao inapokutana na udongo au zege, sukuma bisibisi kwa nguvu ya mkono, usigonge. Mbao nzima inakataa, ncha inaingia kidogo tu na kukwama. Mbao iliyooza inapokea bisibisi kama sabuni iliyolowa. Kuoza kunaanzia pale mbao inapokaa na unyevu zaidi ya asilimia 20 hivi kwa muda mrefu, na nyumba inayofungwa wiki tatu haina mtu wa kuikausha. Kama mvua inatoka kwenye bati na kumwagika palepale kwenye nguzo, hujahitaji hata bisibisi, jibu unalo.

Halafu pua. Mwambie muuzaji asifungue madirisha mpaka ufike. Wewe ndiye uwe wa kwanza kuingia. Ile harufu ya uvundo ikikupokea mlangoni ujue kuna mahali maji yanaingia, hata kama hujapaona. Angalia dari jirani na bomba la moshi linapotoboa paa. Hapo ndipo panapovuja kwenye nyumba nyingi nilizopanda, kwa sababu fundi wa bati na fundi wa jiko kila mmoja alidhani kuziba ni kazi ya mwenzake.

Mwisho, geuka uitazame nyumba kutoka chini ya mteremko. Miti iliyopinda shina kwa chini kisha ikasimama wima inakwambia udongo unatambaa. Mlango unaokwama kona moja, ufa wa nusu duara kwenye ardhi juu ya nyumba, ukuta wa mawe ulioanza kutoa tumbo: ukiona viwili kati ya hivyo kwa pamoja, kunja mkeka uondoke. Nguzo inabadilishwa, mlima haubadilishwi.

Kodi_Kwanza
Mimi nitakuwa mchawi wenu leo. Usinunue. Kodi nyumba ya aina hiyo, milima hiyohiyo, mwaka mzima wa kwanza. Piga hesabu ya ukweli: usiku mbili kila mwezi ni 24, weka likizo 15 au 16, unapata 40. Maana yake usiku 325 unalipia paa la panya. Jibu la mkeo ndilo hilo.

Mpanda_Polepole
@Kodi_Kwanza hesabu yako imeniuma kwa sababu ni sahihi. Ila nikikodi siachi vitabu vyangu, siachi buti zangu mlangoni. Sijui kama unanielewa.

Kodi_Kwanza
Nakuelewa sana. Ndiyo maana nasema usinunue ukiwa katika hali hiyo.

Bibi_Ukungu
Mwanangu, mimi nina kijumba kama hicho huu mwaka wa tisa. Sijajuta, lakini mwaka wa kwanza nililia.

Tulikwenda msimu wa baridi, tukakaa vizuri, tukafunga mlango tukashuka. Hakuna aliyenifundisha kumwaga maji yaliyobaki kwenye mabomba. Usiku mmoja baridi ikashika. Maji yakiganda yanaongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na bomba halina pa kuyapeleka, linapasuka. Barafu ikayeyuka, na kwa kuwa chemchemi haichoki, maji yakatiririka ndani wiki tatu bila mtu kusikia. Nilipofungua mlango godoro lilikuwa halinyanyuki kwa uzito wa maji, na sakafu imevimba katikati kama mkate. Mbao za sakafu yote nilizing'oa.

Siku hizi kabla ya kuondoka nafunga koki kubwa ya nje, nafungua koki iliyo chini kabisa mpaka inakohoa hewa, ndipo nashika funguo. Magodoro nayasimamisha mbali na ukuta. Milango ya makabati na ya vyumba naacha wazi hewa ipite. Unga, sabuni, mishumaa, vyote kwenye madebe ya bati yenye mfuniko wa kukaza, maana panya anakula hata mshumaa. Matundu yote yanayopitisha kidole kidogo nimeyaziba kwa nyavu za chuma. Sifongo na magunia anayatafuna anacheka.

Kuhusu baridi: kwa wastani ukipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi 6 na nusu. Huko kwako mita 2,100 toa nyuzi 14 hivi kwenye joto la pwani, hapo hujagusa usiku. Na maji yanachemkia kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, kwa hiyo vitu vikavu vya kuchemsha vinachukua muda mpaka watoto wanalala. Nunua sufuria ya presha kabla ya kununua mapazia.

Njia_ni_ya_Nani
Wote mnaongelea nyumba, hakuna aliyeuliza barabara ni ya nani! Mkuu, hizo kilomita tatu za udongo zinapita kwenye viwanja vya watu wangapi? Muuzaji kapita miaka 30 kwa sababu anasalimiana na kila mtu. Wewe ukifika, mmoja ataweka geti. Taka haki ya njia kwa maandishi, isajiliwe pamoja na ardhi, isiwe ahadi ya mdomo kati ya wazee wawili.

Swali hilohilo kwa chemchemi. "Juu ya kiwanja" maana yake ndani ya mpaka au nje ya mpaka? Mpima ardhi aje na vifaa vyake, usikubali kuonyeshwa mpaka kwa kidole na mwembe wa mtu. Na shimo la choo liko wapi ukilinganisha na chemchemi za walio chini yako?

Bima pia. Sera nyingi zina kipengele cha nyumba kukaa tupu siku kadhaa mfululizo, zikipita wanaacha kulipa hasara ya maji au wizi. Isome kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha mtafute jirani wa kuingia mara moja kwa wiki na umlipe kwa heshima.

Mzee_wa_Masizi
Jiko la kuni limesifiwa tu hapa. Kuni mbichi zinaweza kuwa nusu maji kwa uzito, kwa hiyo unachoma maji. Moshi wake ukipoa ndani ya bomba unaganda na kuwa masizi ya lami, siku ukiwasha moto mkubwa bomba lenyewe linashika moto. Na juu yenu ni mbao. Pasua kuni, zipange chini ya kibanda kinachopitisha hewa, zisubiri mpaka zishuke chini ya asilimia 20 ya unyevu. Safisha bomba walau mara moja kila mwaka.

Baridi ikizidi msije mkaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Ile hewa ya sumu haina harufu, mnalala hamwamki. Weka kifaa cha kengele kinachoihisi, ni kidogo kama saa ya ukutani.

Sola: uliza betri ni za aina gani. Za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi 0, zinaharibika kimyakimya. Zikae ndani, zisikae kwenye kiboksi cha nje.

Bisi_Mkononi
Bakuli limeisha, nimejifunza kukagua nguzo. Na nyumba sina.

Mpanda_Polepole
Wakuu, narudi na mrejesho. Tulipanda Ijumaa, na mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Gari tuliliacha kwenye kona ya mwisho kabla ya mteremko, tukatembea dakika 40, mke wangu mbele na mwavuli uliogeuka nje ndani.

Muuzaji alikuwa hajafungua madirisha kama nilivyomwomba. Uvundo upo, si mkali, uko upande wa chumba cha nyuma. Nilipoinua kapeti la chumba hicho (alilolitandika juzi, bado lina mikunjo ya dukani) nikakuta mbao mbili zimekuwa nyeusi. Nikaingia chini na tochi. Nguzo ya kwanza na ya pili zilikataa bisibisi. Ya tatu, aisee, iliingia mpaka kwenye mpini. Nilibaki nimeishika pale chini nasikiliza maji yakidondoka shingoni kwangu.

Miti iko wima, milango inafunga, ufa sijaona. Chemchemi iko mita nane nje ya mpaka. Maji saa ya mvua yalitoka rangi ya chai. Jirani mwenye chemchemi tumeongea naye, yuko tayari kuandikiana mbele ya mwanasheria, ila anataka tumsaidie kujengea chanzo chake. Naona ni haki.

Tulilala palepale. Mvua juu ya bati, jiko linawaka, watoto wamelala bila kuuliza simu. Nilidhani mke wangu ndiye atakayekataa. Asubuhi nilimkuta barazani amejifunika blanketi, anamuuliza muuzaji hizo mbao za sakafu zilinunuliwa wapi.

Nimemwambia muuzaji apunguze bei kwa gharama ya nguzo moja na sakafu ya chumba kimoja. Anafikiria.

FundiMsumari
Nguzo moja? Ya nne na ya tano umezipima? Kama ya tatu imelowa, maji ya paa upande huo yanaelekea huko huko.

Mpanda_Polepole
Ya nne na ya tano kulikuwa na tope, sikufika. Mkuu umeniharibia usiku. Narudi Jumamosi na koleo.