Naomba ushauri: watu wanahama group letu la wafugaji, nifanyeje?

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Mimi ni admini wa group la Facebook la wafugaji wa kuku wa kienyeji, tulianza 2014 na enzi hizo ukipost asubuhi kuku kavimba macho, kufika saa nne una majibu ishirini. Sasa hivi kimyaaa, wakongwe wamehamia WhatsApp, vijana wako TikTok wanaangalia mabanda ya watu na muziki juu, waliobaki ni wale wa kutangaza mikopo (hao hawahamagi). Nimejaribu kuweka mada kila Jumatatu wapi, nikafungua na group la WhatsApp ila lile mwisho watu 1,024, halafu mtu akiuliza chanjo ya kideri jibu linafunikwa na salamu na stika, kesho mwingine anauliza hilohilo. Telegram inabeba mpaka laki mbili, shida kina mama wa kijijini hawana, bando lao ni la WhatsApp tu.

Sasa nihamie Telegram na watakaonifuata au nibanane hukohuko Facebook? Na zile posti za magonjwa za miaka yote, kuna aliyewahi kuhamisha za kwake bila kunakili moja moja?