Dawa, katheta au kifaa: ulinganisho kwa mtu mzima aliyezaliwa na kasoro ya moyo

Mwanzisha mada
Habari za wakati huu, wanajukwaa. Nina umri wa miaka 34, na nilifanyiwa upasuaji wa tetralojia ya Fallot (kasoro nne za moyo zinazozaliwa pamoja) nikiwa mtoto. Tangu mwaka jana moyo hukimbia ghafla hadi mapigo 150 kwa dakika, hubaki hapohapo hata nikilala kimya, kisha hutulia ghafla. Mwanzoni niliambiwa ni wasiwasi tu. Baadaye nililazwa, na mara mbili nimeshtuliwa kwa umeme ili mdundo urudi. Sasa nimeelezwa njia tatu: dawa, kuunguzwa kwa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni), au kifaa kifuani. Ushauri mwingi ninaousoma umeandikwa kwa ajili ya watu ambao mioyo yao iliumbwa kawaida, nami nashindwa kujua upi unanihusu.

Mchangiaji wa pili
Pole sana, ndugu yangu. Mimi nina moyo wenye chemba moja ya kusukuma damu, nilifanyiwa upasuaji wa Fontan (unaoelekeza damu ya mwilini moja kwa moja mapafuni), na nilitumia amiodaroni, dawa ya kutuliza mdundo wa moyo, kwa miaka minne. Ilinituliza kweli, lakini mwaka wa nne nikaanza kukonda, kutokwa jasho usiku na kutetemeka mikono kiasi cha kumwaga chai, na mapigo yakarudi kwa kasi. Kumbe dawa ilikuwa imevuruga tezi ya thairoidi iliyo shingoni. Ukiitumia, usikubali kukaa bila vipimo vya damu vya thairoidi na ini kila miezi sita, na kikohozi kisichoisha kiripoti mapema kwa sababu huathiri pia mapafu. Dawa ya kuzuia damu kuganda ni jambo jingine kabisa: hairekebishi mdundo, bali inakulinda dhidi ya kiharusi, kwa hiyo usiiache eti kwa kuwa moyo umetulia.

Mchangiaji wa tatu
Mimi ni muuguzi katika chumba cha katheta. Ndugu mwanzisha mada, mapigo 150 yasiyopanda wala kushuka si tabia ya wasiwasi. Mara nyingi chemba za juu zinapiga mara mbili ya hapo, na chemba za chini zinapokea pigo moja kati ya kila mawili. Karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo iliyochukuliwa wakati wa tukio ni mali kubwa, itunze.

Kwa waliopasuliwa moyo, chanzo cha kawaida ni kovu. Kovu halipitishi umeme, hivyo umeme hulizunguka na kujirudia bila kukoma. Katheta hupitishwa kwenye mshipa wa paja, kompyuta huchora ramani ya mzunguko huo, kisha daktari huunguza kinjia chembamba unachopitia, ambacho mara nyingi kiko karibu na vali ya traikaspidi, mlango ulio kati ya chemba ya juu na ya chini upande wa kulia. Kwa mwenye Fallot njia ya kufika huko huwa wazi. Kwa mwenye Fontan, au aliyefanyiwa Mustard au Senning (upasuaji wa kubadili njia za damu ndani ya chemba za juu), huenda ikabidi kutoboa ukuta uliojengwa na daktari mpasuaji, kazi inayotaka timu yenye uzoefu wa mioyo ya namna hiyo. Sitaficha kwamba mzunguko mwingine unaweza kuzaliwa baadaye, kwa kuwa chemba zilizotanuka huendelea kubadilika, na wapo wanaorudi mara ya pili. Hata hivyo, kwa hali yako ningeanza na katheta kabla ya miaka mingi ya vidonge.

Mchangiaji wa nne
Naomba tusichanganye vifaa. Mimi pia nina Fallot, na nimewekewa kifaa cha kushtua moyo kwa sababu hatari yangu ilitoka chemba za chini. Kifaa hicho hakizuii mvurugiko wa mdundo, kinakuokoa ukitokea. Siku moja chemba za juu zilikimbia nikipanda ngazi, kifaa kikadhani hatari inatoka chemba za chini, nikashtuliwa kwa umeme mara tatu nikiwa na fahamu zangu zote. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikisimama chini ya ngazi na kushindwa kuinua mguu. Betri ya moyo ya kawaida ni tofauti: husaidia moyo unaopiga polepole mno, na mwenye tundu lililobaki kati ya chemba aulize mapema kama nyaya zitapita ndani ya mshipa, kwa maana damu ikiganda juu yake inaweza kufika kwenye ubongo.

Mchangiaji wa tatu
Nyongeza muhimu: mvurugiko mpya kwa mwenye Fallot ni sababu ya kuchunguza vali ya mapafu (mlango wa damu iendayo mapafuni) kwa eko (picha ya mawimbi ya sauti) na MRI (picha ya sumaku). Ikiwa inavuja sana na itabadilishwa, ramani ya umeme wa chemba ya chini ijadiliwe kabla, kwani vali mpya inaweza kufunika mahali pa kuunguza.

Mwanzisha mada
Ahsanteni sana. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu vali. Kesho naomba nakala ya ripoti ya upasuaji wangu wa utotoni, na sitaamua kuhusu katheta kabla ya MRI.