MREJESHO: Mdogo wangu na maswali ya fasihi ya Kiingereza, kidato cha nne

Wakuu, niliomba msaada hapa kwa ajili ya mdogo wangu, ambaye kila swali la fasihi alijibu kwa kusimulia hadithi nzima. Asanteni sana mlionijibu.

Tulifuata ushauri wa kuanza aya na hoja, kisha tukio la kitabuni, kisha jinsi tukio hilo linavyojibu swali. Tulianza na The Black Hermit, tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o. Zamani angesimulia kila alichofanya Remi, mhusika mkuu. Sasa anaandika kwamba mila inaweza kumbana mtu, anataja Remi kutakiwa kumrithi Thoni, mjane wa kaka yake, halafu anaeleza kwa nini alikimbilia mjini. Alama za fasihi zimepanda, na mwalimu kamsifu.

Sarufi bado. Kukariri jedwali la nyakati hakukusaidia: analitaja lote vizuri, ila akiandika mwenyewe anachanganya "has gone" na "had gone". Afadhali kidogo kuchukua mazungumzo ya tamthilia hiyohiyo na kuyageuza kuwa usemi wa taarifa, "tomorrow" ikawa "the next day". Hapo anapatia, isipokuwa sentensi za kuuliza. Mwenye mbinu ya hizo, karibu.