Naomba ushauri: sproketi ya mbele meno 13 au 14?

Habari zenu wakuu, nina pikipiki Honda CRF250L, sproketi (magurudumu ya meno yanayoshika cheni) za kiwandani ni meno 14 mbele na 40 nyuma. Kwenye matope na vilima gia ya kwanza ilikuwa ndefu mno, nikienda polepole inataka kuzima mpaka nacheza na klachi muda wote, nikafunga 13 mbele. Porini sasa raha tupu ila kwenye lami injini inalia balaa na kila saa natafuta gia ya 7 ambayo haipo 😅 Nimejaribu kubadilisha 13 na 14 kabla ya kila safari, nimechoka, mikono grisi tupu.

Je, 14 mbele na 42 nyuma itanipa ya katikati? Na cheni ileile itafika au niongeze pingili?