Acheni kumwaga picha za watu kwenye makundi ya mtaa eti ni wezi!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naongea bila kupindisha.

Ukifungua kundi la mtaa asubuhi unakaribishwa na sura ya mtu. Picha imekatwa kwenye kamera ya getini, ina ukungu, na chini yake herufi kubwa: MWIZI HUYU, SAMBAZA. Kafanya nini? Kasimama. Kaangalia geti. Kagonga, hakufunguliwa, kaondoka zake. Ndio wizi wenyewe huo!

Juzi kwetu kawekwa kijana mwenye begi na karatasi mkononi, anapita nyumba hadi nyumba. Kabla chai haijapoa kesi ilishakwisha. Mmoja akasema hata wiki iliyopita alimwona, mwingine akatupia namba ya pikipiki, wa tatu akaandika "mkimkuta mnajua la kufanya". Kijana ni msoma mita jamani. Ukikuza picha unakiona kitambulisho kinaning'inia shingoni! Aliyeanzisha akajibu "haya, tahadhari kabla ya hatari" na kikatuni cha kucheka. Picha hakufuta. Na hata angefuta, ilishahamia makundi mengine ambako hiyo "haya" yake haifiki ng'o.

Hilo la "mnajua la kufanya" ndilo linalonichemsha damu, maana kweli wote tunajua. India mwaka 2018 uvumi wa watekaji watoto ulizunguka WhatsApp, watu wasio na hatia wakapigwa mpaka kufa, wengine wageni waliokuwa wanapita tu. Ndipo kampuni yenyewe ikabana watumiaji wa huko, ujumbe usisambazwe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mkupuo. Mwaka huohuo Mexico, mji wa Acatlán, wanaume wawili walichomwa moto kwa uvumi wa namna hiyohiyo. Walikuwa tayari mikononi mwa polisi! Umati ukawatoa kituoni na kuwachomea hapohapo mlangoni. Sasa wewe unayeandika ukiwa umejilaza kitandani, nani atakupigia kukuuliza ulimaanisha nini?

Na msiseme hayo ni ya watu wasiosoma. Boston, 2013, baada ya mabomu ya marathoni, wapelelezi wa mtandaoni na digrii zao walimtaja mwanafunzi aliyekuwa amepotea kuwa ndiye mlipuaji. Familia inamtafuta mtoto, huku inaporomoshewa matusi. Alikutwa amefariki, na hakuhusika hata chembe.

Najua mtakuja na "polisi hawafanyi kitu". Hasira hiyo hata mimi ninayo. Ila hebu fikirini mnachowafanyia hao waliokwisha kuibiwa. Shahidi akishaona picha kwenye kundi mara kumi, siku ya gwaride la utambulisho, pale polisi wanapompanga mtuhumiwa na watu wengine ili shahidi amtambue, atamnyooshea kidole nani? Atamnyooshea aliyemwona kwenye simu, na wakili wa utetezi ataila hiyo kesi mchana kweupe. Halafu kundi lina mamia ya watu, mnadhani mwizi hana shemeji humo? Anajiona, anabadili nguo, anauza mali mbali. Mmemsaidia.

Namba za gari ndiyo balaa jingine. Gari huuzwa, huazimwa, huibwa, na namba zenyewe hubandikwa za bandia. Mnamsaka mama wa watu aliyenunua gari mwezi jana. Na wanaoweka picha za watoto waliookota mpira uani kwao, hao hata sijui niwaambieje.

Mtandao wa majirani wa Nextdoor kule Marekani ulilalamikiwa mno kwamba watu wanaripoti rangi ya ngozi badala ya tukio. Mwaka 2016 ukabadilisha fomu: ukitaja rangi ya mtu, ueleze pia alivaa nini na anaonekanaje, la sivyo haipiti. Sisi kwetu "ana sura ya kihuni" ni ushahidi tosha.

Hakuna anayekataza tahadhari. Sema nyumba ya pembeni imevunjwa saa tisa usiku, wamekata wavu wa dirisha la jikoni, wamebeba televisheni. Hiyo inanifaa, naenda kukagua dirisha langu. Video peleka polisi, ikiwa nzima, siyo ile uliyoikata sekunde tatu na kuichorea duara jekundu. Wakihitaji msaada wa umma kumtafuta mtu watatangaza wenyewe, na hapo sambaza mpaka bando liishe.

Kwa maadmini: kitufe cha kufuta kipo na mnakijua, maana tangazo la mtu anayeuza kuku mnalifuta ndani ya dakika moja. Ujumbe wa "mnajua la kufanya" mpaka naandika hapa bado upo, na una dole gumba la admini mwenyewe. Leo nimeupiga picha na kuupeleka polisi. Mkitaka kunitoa kwenye kundi, nitoeni.